Kitambaa Kisicho na Ukoo

Umutesi alishona sketi za wanaume hapa Kenmore, kitongoji cha Buffalo, Marekani, miaka mingi kabla hajauliza swali ambalo mwingine angeliuliza siku ya kwanza. Usicheke. Hizo ni sketi za Waskoti, watu wa milima ya baridi, na hapa Buffalo wapiga zumari la mfuko huzivaa siku za gwaride. Yeye alikuwa fundi wa marinda ya kijeshi. Sketi ya raia hupigwa marinda ili miraba ya kitambaa ionekane nyuma vilevile kama ilivyo mbele. Ya askari hupangwa ili mstari uleule utokeze kwenye kila rinda, wima, mmoja baada ya mwingine. Ni kazi ya kuumiza macho, na yeye aliipenda.

Kitambaa alichokipenda zaidi kilikuwa cha kijani kilichoiva, bluu na weusi. Kwao, milimani Minembwe, mashariki mwa Kongo, ng'ombe akipita watu hujua ni wa nani kwa kumtazama tu. Kwa hiyo alikuwa amekata shauri kwamba kitambaa kizuri namna ile lazima kina wenyewe, ukoo mkubwa wenye ng'ombe, na alikishona kwa adabu kama anayewavisha wakwe. Siku moja akamuuliza bibi mwenye karakana: ni cha ukoo gani?

"Hakina ukoo," bibi akasema, pini mdomoni. "Ni cha serikali."

Akamsimulia huku wakikata. Karibu miaka mia tatu iliyopita serikali ya Uingereza iliwaogopa Waskoti wa milimani kwa sababu walikuwa wameasi. Haikuhangaika kupeleka wageni wasiojua njia. Iliwaajiri wana wa milima wenyewe, kutoka koo ilizoziamini, ikawavika kitambaa hiki cheusicheusi na kuwaambia: walindeni ndugu zenu, mtuambie wanafanya nini. Baadaye uasi mwingine uliposhindwa, sheria ikapiga marufuku mavazi ya milimani kwa wanaume na wavulana. Aliyekamatwa nayo alifungwa. Marufuku hiyo ilidumu zaidi ya miaka thelathini, na aliyeruhusiwa kuyavaa ni mmoja tu, askari wa serikali. Vikosi vilivyozaliwa baadaye vilichukua kitambaa hichohicho, kikosi hiki kikaongeza mstari wa njano, kile mweupe na mwekundu, basi.

"Mimi singevaa," Umutesi alimwambia Généreuse ndani ya gari wakirudi nyumbani. "Heri kutembea uchi."

Généreuse alisali naye kanisa moja na kumpa lifti kila siku. Alikuwa mwanamke mwema. Tatizo lake ni kwamba kila alichokisikia garini kilifika Louisville kabla ugali haujapoa.

Louisville ndiko alikoishi Rurangwa, kaka mkubwa wa marehemu mume wa Umutesi. Rurangwa si mtu mbaya. Alimwombea mjane huyo, akamtumia mtoto wake Mizero makoti ya baridi. Lakini Umutesi alipoomba kuhamia Columbus, kwa dada yake Kanyana anayekaa mtaa wa Clintonville mjini humo, alijibiwa "tutaona," na wakaendelea kuona mwaka hadi mwaka. Utaniambia sheria ya Marekani iko upande wa Umutesi. Iko, ndiyo. Lakini sheria hiyo haiji msibani, wala haimlindi mama yake mzazi aliyebaki Minembwe, ambaye usiku hulala kwa sababu vijana wa ukoo wa Rurangwa wanakesha wakimlinda. Ukiondoka bila baraka, vijana hao huchoka ghafla. Aliukumbuka ukweli huo kila alipokanyaga pedali ya cherehani.

Jumamosi moja Rurangwa akapiga simu.

"Mama Mizero, tumeongea na famille. Bon, unaweza kuenda Columbus."

Umutesi alikaa kitandani. "Merci sana, Baba Isaro. Mungu akubariki."

"Lakini kuko kitu moja. Huyu mutoto wangu Isaro, ule anafanya kazi Columbus, banasema iko na kijana. Mie siko kule. Wewe anakupenda, atakuambia maneno yake yote. Donc kila siku ya Mungu, ukitoka kanisa, utanipigia uniambie."

"Na kama sitaweza?"

"Kama hautaweza, unabakia Buffalo. Hakuna shida." Akaongeza: "Mama yako anakusalimia. Vijana balipita kwake jana."

Mkono mtupu haulambwi, na sasa alijua kinachotakiwa mkononi. Aliwakumbuka wale wana wa milima aliowadharau garini, akaona aibu, kwa sababu hakuwahi kujiuliza mama zao walikuwa wapi. Akasema ndiyo. Alilisema taratibu, kwa heshima, kama shemeji anavyopaswa kusemeshwa.

Kesho yake Isaro mwenyewe akapiga, sauti imejaa furaha.

"Mama mudogo, Papa ameniambia unakuja. Nililia. Hapa sina mutu wa kuambia mambo yangu. Kuko kijana nataka wewe umuone wa kwanza, kabla ya wote. Lakini usimuambie Papa."

Umutesi alifumba macho. "Anaitwa nani, binti yangu?"

Isaro akamtajia jina, na la baba wa kijana huyo, na kanisa anakosali.