Kipimo cha Ngumi

Umeme ukikatika asubuhi hapa Chamwino, jirani yangu hutoa pasi ya mkaa uani na kunyoosha sare za wanawe. Harufu ya kitambaa chenye unyevu kikiguswa na chuma cha moto hupenya dirishani kwangu, na mimi, mtu mzima mwenye mtoto na kazi ya ofisini, huacha ninachofanya nikaenda kufunga dirisha. Msinicheke. Kuna watu ambao harufu hiyo huwakumbusha sikukuu. Mimi hunirudisha Kolo, kwenye kibaraza cha mama yangu, na kwenye alasiri moja ya miaka yangu tisa ambayo sijawahi kumsimulia mtu yote.

Mama alikuwa fundi cherehani. Baba alifanya kazi za barabara, mara Singida, mara Babati, akirudi na mfuko wa mchele na kulala siku mbili mfululizo, kwa hiyo nyumba tuliiendesha mama na mimi. Kazi yangu ilikuwa kufumua. Nilipewa wembe uliozungushiwa kitambaa upande mmoja ili usinikate, nikakaa kwenye kigoda, nikafumua mishono ambayo juzi yake tu nilikuwa nimeiona ikishonwa. Nguo za wanawake wa Kolo zilikuwa na tabia ya kurudi. Jumatatu mwanamke alikuja, akajishika kiuno kwa mikono miwili na kusema, "Hapa, fundi. Nibane hapa hapa." Alhamisi mumewe alikuja na gauni lilelile, amelishika kwa vidole viwili, akasema limeshonwa vibaya, liachiwe. Mama alimwachia. Jumatatu iliyofuata mke alikuwa amesimama tena mlangoni, anatazama chini na kutabasamu.

Mama hakubishana na upande wowote. Ndani ya kila mshono wa ubavuni alikuwa akiacha kitambaa cha ziada, upana wa vidole viwili, ili gauni liweze kwenda na kurudi bila kuharibika. Kuna gauni moja la mke wa mwalimu nililifumua mara nne kabla halijavaliwa hata siku moja.

Maoni ya wanaume tuliyasikia bila kuyatafuta, maana walikaa barazani ng'ambo ya barabara na upepo wa Kolo ulituletea kila neno pamoja na vumbi. Mwanamke anayevaa nguo ya kubana, walisema, anataka kutazamwa na wanaume. Hilo lilikuwa limekwisha, halina mjadala. Kisha gari la wageni wanaokwenda kuona michoro ya miambani lilisimama, wakashuka wanawake wa Kizungu na kaptula zinazoishia mapajani, na wazee walewale wakainuka kuwaonyesha njia. "Karibuni, karibuni sana." Mama alicheka mpaka uzi ukamkatikia kwenye cherehani. Aliniambia hata hao watu waliochorwa kule kwenye miamba hawana cha kujifunika, na hajasikia mzee yeyote akipanda mlimani kuwalalamikia.

Wanawake walipokaa kwetu kusubiri nguo zao hawakuwazungumzia wanaume kabisa. Walizungumza juu ya mikono ya gauni la fulani, jinsi lilivyomkaa mgongoni, na nani alilivaa lile la kijani kwenye maulidi. Waliweza kukaa na gauni moja mchana kutwa. Mimi nilisikiliza huku na huku, na kwa akili yangu ya mtoto nilidhani wanaume na wanawake wanazungumzia nguo tofauti.

Niliyempenda kuliko wateja wote alikuwa dada Rehema. Aliolewa kutoka Busi, hata mwaka hajamaliza hapo Kolo, na alikuwa akinisuka nywele huku akisubiri zamu yake. Mumewe, Bwana Hamisi, alikuwa mnunuzi wa alizeti mwenye pikipiki nyekundu. Hakuwa mtu wa kelele, hakugombana na mtu, na msikitini walimsifu. Alikuwa na kipimo chake. Dada Rehema alipovaa gauni jipya kujaribu, Bwana Hamisi aliingia, akakunja ngumi, akaipitisha kati ya nguo na mwili wa mkewe, hapa kiunoni, nyuma. Ngumi ikizunguka bila kugusa popote, nguo imefaa. Alifanya hivyo polepole, anatabasamu, mbele ya mama na mbele yangu. Dada Rehema alisimama akitazama ukuta. Mara ya kwanza kuona kipimo kile niliacha kufumua, na sikujua ni kwa nini.

Mama yake Bwana Hamisi, Bi Salama, alikuja naye siku hizo. Alikuwa bibi mrefu, mkavu, ambaye watoto tulimwamkia kwa mbali na kukimbia. Ngumi ilipopita alisema kila mara, "Hiyo ndiyo nguo ya mwanamke."

Mwaka ule mdogo wake dada Rehema alikuwa anaolewa huko kwao Busi. Bwana Hamisi alileta mwenyewe kitambaa cha zambarau cha kung'aa, akatoa maagizo, na kabla ya kupanda pikipiki akasema neno moja kwa sauti ileile ya upole. Alisema siku atakayomkuta mkewe amebanwa, hatampiga wala hatamgombeza, atamrudisha kwao na hilo gauni mwilini, ili wazazi wake waone wamempokea nani. Alimgeukia mama akamtakia kazi njema.

Alipoondoka dada Rehema alilia. Alisema anakwenda kwao mara ya kwanza tangu aolewe, dada zake wote watakuwepo, na yeye ataonekana kama gunia la alizeti. Mama alikunja kitambaa na kukikunjua mara kadhaa. Kisha akashona gauni la kupwaya, sawasawa na maagizo. Ngumi ilipita. Jioni ya kuamkia safari mama alimwita dada Rehema uani, akamvika lile gauni, na kwa sindano ya mkono akalibana kiunoni kwa mishono mirefu ya uzi mmoja tu, kuanzia chini mpaka shingoni. Ncha ya uzi aliificha ndani ya ukosi. Ukiivuta ile ncha, mishono yote inatoka na gauni linaanguka kupwaya.

Mwenye gauni hawezi kuufikia uzi ule, uko mgongoni. Kwa hiyo nilipelekwa mimi. Tulikubaliana dada Rehema asafiri na mtandio mpana begani wa kumficha mpaka kiunoni, na Bwana Hamisi atakuja kumchukua alasiri baada ya kumaliza mizigo yake. "Ukisikia pikipiki, vuta," mama aliniambia. Alinishika mashavu, mikono yake inanuka mafuta ya cherehani. "Akirudishwa kwao, Zaina, atakuwa amerudishwa kwa mkono wangu. Na wako."

Bi Salama, tuliyesafiri naye, alikaa uani na wazee wenzake. Sikula chochote kwenye harusi ile. Walipika pilau, walinipa paja zima la kuku nikaliweka chini ya sahani. Chumba cha wanawake kilikuwa na joto na udi na vicheko, na dada Rehema alipovua mtandio wake nilisikia mlio ambao sijausahau, wanawake zaidi ya ishirini wakivuta pumzi kwa pamoja. Walimgeuza. Walimshika kiuno. Shangazi yake mmoja mzee alimfuata nyuma akipapasa ule mshono na kuuliza fundi anaitwa nani. Dada Rehema alicheza mpaka kilemba kikamlegea, na alikuwa mzuri, jamani, alikuwa mzuri kupita bibi harusi. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya dirisha nikisikiliza barabara. Kila mashine ya kusaga ya jirani ilipowaka, niliinuka.

Pikipiki ilikuja mapema. Niliisikia tangu kwenye korongo, ikapanda, ikapita ua wa minyaa, ikazimwa uani. Nilimkimbilia dada Rehema, nikamvuta kwenye kona nyuma ya pazia la kitanda, nikaingiza kidole kwenye ukosi na kuikamata ncha. Nikavuta. Mshono wa kwanza ukatoka, wa pili, wa tatu. Wa nne ukagoma. Alikuwa amecheza sana, jasho lilikuwa limelowesha kitambaa na uzi umenasa. Nikavuta kwa nguvu zangu zote na uzi ukakatikia mkononi mwangu.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kuliko siku niliyomkanyaga nyoka shambani. Wembe sikuwa nao, na hata ningekuwa nao, tundu moja kwenye kile kitambaa lingeonekana. "Umetoka?" dada Rehema aliniuliza bila kugeuka. Niliukwaruza mshono kwa kucha. Nje nilisikia wanaume wakimkaribisha Bwana Hamisi, naye akikataa chakula kwa upole na kusema anamtaka mkewe tu, wana safari.

Pazia likafunguka, akasimama Bi Salama.

Alimtazama mkwewe kiuno. Alinitazama mimi na ule uzi mkononi. Dada Rehema alianza kusema kitu, Bi Salama akainua kidole. Kisha akachomoa pini kwenye ushungi wake, akapiga magoti nyuma ya gauni, na akaanza kutoa mishono ile mmoja baada ya mwingine, bila kurarua, bila kuuliza unaanzia wapi. Mkono wake ulikuwa unatetemeka. Nilidhani ni hasira, na nikangoja akimaliza anigeukie mimi. Alipomaliza kutoa uzi, alilowesha kidole gumba kwa mate na kusugua vile vitundu vya sindano mpaka vikajifunga. Ujanja ule nilikuwa nimemwona nao mtu mmoja tu, mama yangu. "Hukuona kitu," aliniambia. Akatoka mbele yetu, nikamsikia akimlalamikia mwanawe magoti, akimuuliza habari za mizigo, akimwomba amtafutie maji.

Tulipotoka Bwana Hamisi alitabasamu. Akakunja ngumi, mbele ya watu wa harusi, akaipitisha. Ilizunguka yote. Watu wachache walicheka, wakidhani ni utani wa mume na mke.

"Hiyo ndiyo nguo ya mwanamke," alisema Bi Salama.

Dada Rehema hakurudishwa kwao. Alikaa Kolo, akazaa, na hakumwomba tena mama ambane. Akaja akavaa magauni mapana mpaka wasichana wadogo wakadhani ndiyo mapenzi yake. Mama naye hakushona tena kwa uzi mmoja. Nilimweleza yote isipokuwa habari ya Bi Salama, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa sikuona kitu.

Imenichukua miaka mingi kukielewa chumba kile. Bwana Hamisi alihangaika na macho ya wanaume, na wazee wa barazani vilevile, lakini siku ile hapakuwa na mwanamume hata mmoja aliyemwona dada Rehema amebanwa. Alivaa kwa ajili ya dada zake na shangazi zake, na kwa ajili ya mwili wake mwenyewe, kwa muda wa saa tatu. Bwana Hamisi alikuwa akilinda mlango ambao hakuna aliyekuwa anapita. Na mkono wa Bi Salama haukutetemeka kwa hasira. Alikuwa anamwogopa mwanawe. Alimzaa, alimlea, na alikuwa akisema maneno ya kumpendeza kila mahali ili naye asije akapimwa. Mtoto wa miaka tisa hawezi kujua kwamba mama anaweza kumwogopa mtu aliyemnyonyesha.

Nilidhani nimeviacha vyote hivyo Kolo. Wiki iliyopita nilikuwa chumbani najaribu gauni jipya, na binti yangu wa miaka minane amekaa kitandani ananitazama.

"Mama, unamsubiri nani?" akaniuliza.

Nikamwambia simsubiri mtu. Kwa nini?

"Kila ukivaa nguo mpya unaangalia mlango kwanza, ndipo unaangalia kioo."

Tunaishi wawili tu, mimi na yeye, mwaka wa tano huu. Alishuka kitandani, akaenda akafunga mlango kwa komeo, akarudi akanishika mkono.

"Haya," akasema. "Sasa jitazame."