Karata Nyeusi za Msimu wa Radi

Harufu ya vumbi lililoguswa na matone ya kwanza ya mvua hunikimbiza ndani hadi leo, popote nilipo, na mimi nimekuwa mtu wa kuhamahama: Mpanda, Tunduma, Mbeya, kisha Mpanda tena. Kwa wengine ni harufu ya kulima. Kwangu ni harufu ya radi. Nilikuwa binti wa miaka kumi, nikiishi kwa Bibi kule Pito, karibu na Sumbawanga, na msimu ule radi ilikuwa imekwisha kuua ng'ombe wa jirani. Tulimwona asubuhi, amelala miguu imekakamaa, mwili hauna hata mkwaruzo.

Wingu likinguruma, Bibi alifunika kioo kwa khanga, akatuvua sisi wajukuu wake masweta mekundu ya shule, kisha akanyoosha mkono apewe karata. Kopa na uru zote zilikwenda chini ya ungo, kwa sababu wekundu, alisema, huita radi. Tulibaki na zile nyeusi, shupaza na pau: ree mbili, ndizo kubwa kuliko zote, wafalme wawili, kila karata na pacha wake mmoja tu. Mchezo wenyewe aliuleta binamu yangu Deo, mkubwa kwangu kwa miaka minne, aliyetoka Wampembe kuja kusoma. Kila mtu alipata karata mbili za siri. Nyingine tatu zilifunuliwa katikati, moja moja, na kila ilipofunuliwa uliongeza punje za maharage au ulitupa karata zako. Mwenye jozi kubwa alichukua zote. Aliyeishiwa maharage ndiye aliyetoka kwenda uwandani kuwaleta maksai, maana Bibi hakuwa na wengine wa kukokota jembe, na lazima mmoja wetu aende.

Deo alinifundisha mwenyewe. "Ukiwa na karata nzuri, anza na punje chache. Ukipiga kishindo mapema, mwenzako anakimbia na maharage yake. Na kama huna kitu, toka mapema. Usimfuate mtu hadi karata ya tatu kwa ubishi."

Alasiri moja mbingu ilishuka hadi juu ya bati. Tulikuwa tumebakiwa na maharage sawasawa. Nilishika ree na mfalme. Karata ya kwanza kufunuliwa ikawa ree ya pili, na nikajua hakuna wa kunishinda. Niliweka punje mbili. Deo akaweka. Karata ya pili nikaongeza, naye akaongeza. Ya tatu nikasukuma zote. Hakuzitazama karata zake. Alitazama magoti yangu.

"Unatetemeka kwa baridi au kwa karata?"

"Baridi."

"Haya. Na mimi nimo."

Nilipofunua ree yangu, alizichanganya zake na nyingine bila kuonyesha. "Umeniweza, mdogo wangu. Nikifa, urithi sweta."

"Funga mdomo wewe," Bibi alisema, na Deo akatoka mbio.

Nyumba ilimulikwa ikawa nyeupe kabla mlango haujatulia. Bibi alishika rozari lakini midomo haikusogea. Mwanga mwingine ulikuja pamoja na mlio wake, na hewa ikanuka kama chuma kilichochomwa. Nilifumba macho nikamwona yule ng'ombe wa jirani, miguu yake, kisha miguu ikawa ya Deo. Nilikaa hivyo hadi niliposikia kwato zikiteleza kwenye tope uani, na mtu akicheka huku meno yanagongana.

Siku hizi vijana wa Sumbawanga wanaweka dau kwa simu, kichwa kimeinama, hawatazami magoti ya mtu. Mwaka huu nilipita Wampembe kumwona Deo, mvi zimemjaa. Nikamuuliza alikuwa na karata gani siku ile, hata akanifuata hadi mwisho.

"Wafalme wawili," alisema, bila kupepesa macho. "Wewe ulikuwa na bahati tu."

Nilihesabu wafalme kichwani. Wafalme wekundu walikuwa chini ya ungo wa Bibi, na mmoja wa weusi nilikuwa nimemshika mimi.