Darasa Lililopinda Taya Kushoto

Waliokuwepo darasani asubuhi ile ni hawa: wanafunzi wangu wote, wameketi nusu duara kama kawaida, mkuu wa shule, ameegemea fremu ya mlango, mwalimu mgeni, amesimama mbele karibu na ubao, na mimi, ndiyo kwanza nimeingia, mkoba ungali begani.

Hakuna aliyekosekana. Naanza na mahudhurio ili ijulikane kwamba jambo hili lilikuwa na mashahidi.

Mwalimu mgeni aliinua mkono. Watoto wakasimama.

Kisha wote, wakubwa kwa wadogo, wakasukuma mataya yao upande wa kushoto, wakayaacha yakining'inia huko, na kwa zile sauti zao nzito wakasema:

"Ka-ri-bu, Mwa-li-mu."

Mkuu wa shule akapiga makofi.

Mimi sikupiga. Taya langu mimi limepinda upande wa kushoto.

Niwaeleze vizuri, maana msomaji asiyenijua anaweza kudhani ni jambo dogo.

Nilipokuwa msichana wa kuvunja ungo, upande mmoja wa taya langu uliendelea kukua na mwingine ukasimama. Sikuanguka wala sikupigwa. Kidevu kilihama tu, polepole, mithili ya mtu anayesogea kwenye benchi ili asikae karibu na mwenzake. Nikinyamaza, huenda usione. Nikisema, kinywa kizima kinaelekea kushoto.

Na kazi yangu ni kusema.

Nafundisha watoto viziwi. Tunatumia lugha ya alama kwa mambo yote, lakini kipindi changu hasa ni matamshi na kusoma midomo. Mtoto anaketi nami bega kwa bega mbele ya kioo kikubwa. Anatazama mdomo wangu, anatazama wake, anaweka kiganja kooni kwangu asikie mtetemo, halafu anajaribu. Ni kazi ya subira. Silabi moja inaweza kutuchukua wiki.

Wengi wao nyumbani hawasemeshwi. Huonyeshwa kwa kidole: kula, lala, toka. Mdomo wa kwanza kutulia mbele yao na kuwangoja ulikuwa wangu.

Watoto viziwi wana desturi ya kumpa kila mtu jina la alama, kutokana na kile wanachokiona kwake kwanza. Mkuu wa shule ni ngumi mbili tumboni, na hiyo haihitaji maelezo. Msichana wangu mkubwa, ambaye hutunza kalamu yake juu ya sikio, ni Kalamu Sikioni. Husema mwenyewe kwa mikono kwamba ni lazima sikio lile nalo lipate kazi.

Mimi ni kidole kinachopita chini ya kidevu na kuteleza kushoto.

Nililibeba jina hilo miaka yote bila kinyongo. Hakika nasema.

Mpaka alipokuja mwalimu mgeni.

Alikuja mwanzoni mwa muhula, ametoka chuoni juzijuzi, uso wake umepangwa kana kwamba aliyeupanga alitumia rula. Jicho na jicho, shavu na shavu, kidevu katikati mahali pake. Akicheka, shavu moja linafanya kishimo.

Watoto hawakuchelewa. Kufika jioni alikuwa na jina lake: kidole kimechomwa shavuni, kinazungushwa. Kishimo.

Mimi, kidevu kilichoteleza. Yeye, kishimo cha shavuni.

Wivu wa mwalimu una adabu zake. Haurushi vikombe. Unasahihisha madaftari, unasalimia, unauliza "umeamkaje, Mwalimu," kisha unakaa kwenye kiti na kulitazama taya la mwenzako likitafuna mkate.

Kilichonimaliza ni siku ya picha ya walimu. Mpiga picha alinisogeza mwisho wa mstari.

"Mwalimu, geuza uso kidogo. Kidogo tena. Hapo hapo. Usicheke sana."

Akafika kwa mwalimu mgeni, akashusha kamera.

"Wewe kaa ulivyo."

Maneno hayo matatu nilikwenda nayo nyumbani. Nilikula nayo, nikafua nayo.

Na kila baada ya kipindi chake, watoto walikuwa wakitoka mbio kuja kwangu, wananionyesha mlango wa darasa lake na kuchoma vidole mashavuni: Kishimo, Kishimo. Walitaka kuniambia jambo. Mimi sikungoja waseme. Niliwajibu kwa mikono: nimeelewa, mnampenda, kaeni chini.

Naishi na dada yangu. Yeye ni msusi, na mdomo wake haujawahi kukosa kazi.

"Mdogo wangu," aliniambia asubuhi moja, "hicho kioo kiachie nacho kipumue."

"Nivumilie kidogo, Dada."

"Nimekuvumilia tangu juzi, na wanja wangu ungali mkononi. Hebu sema kweli. Unataka taya, au unataka uso wa yule binti wa kazini?"

"Nataka taya."

"Miaka yote hiyo hukulitaka. Hamu imekujia alipofika yeye."

"Dada, chai inapoa."

"Chai imepoa kitambo. Unaopoa sasa ni ukweli."

Lakini hakunizuia. Ndiye aliyenisindikiza kwa daktari wa upasuaji wa taya, akabaki nje akisuka nywele za mgonjwa asiyemjua.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mtulivu, asiyependa kupoteza neno. Aliitundika picha yangu ya mifupa mbele ya taa. Huko ndani ndiko kupinda kote kulikoonekana wazi: tawi moja la mfupa refu, jingine fupi.

"Unatafuna vizuri?"

"Vizuri."

"Linauma? Linakwama?"

"Hapana."

"Basi linakuzuia kufanya nini?"

Nilifikiri. Mimi ni mtu wa kujibu maswali.

"Kuambiwa nikae nilivyo," nilisema.

Alinitazama kidogo. Alinieleza utaratibu: kwanza waya za meno kwa muda mrefu, kisha atakata mfupa pande zote mbili, ausogeze, aufunge kwa vibati na skrubu. Vyakula laini, uvimbe, mazoezi ya kufungua kinywa.

"Na mdomo wa chini unaweza kufa ganzi," aliongeza. "Kwa wengi hisia hurudi. Kwa wengine hazirudi zote. Unafanya kazi gani?"

"Ualimu."

Sikumwambia ni ualimu gani.

"Nafasi ninayo ya kukuanzishia waya wiki ijayo. Nipe jibu lako kabla sijampa mwingine."

Nilitoka pale jibu likiwa tayari. Ndiyo. Nilipanga kumpigia simu siku iliyofuata, wakati wa mapumziko. Wakati nikiwa hospitali, mwalimu mgeni ndiye aliyeshika darasa langu.

Sasa mnaelewa nilivyojisikia nilipoingia asubuhi ile na watoto wangu mwenyewe wakanipokea kwa mataya yaliyopindishwa.

Siku moja tu nimekosekana, niliwaza, na tayari amewafundisha kunikejeli. Mbele ya mkuu wa shule. Na mkuu anapiga makofi.

Niliweka mkoba mezani, nikaunyoosha ukae sawa na ukingo wa meza, nikatoka. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye simu.

Nilikaa nyuma ya maktaba mpaka kengele ya mapumziko. Kisha nikaenda kunawa uso, nimpigie daktari kwa sauti isiyotetemeka.

Mlango wa maliwato ya walimu ulikuwa wazi nusu.

Mwalimu mgeni alikuwa mbele ya kioo. Ameweka kidole kwenye kidevu chake kilichonyooka, anakisukuma kushoto. Anasema, "Karibu." Anakiachia. Anakisukuma tena. "Ka-ri-bu."

Kishimo kimepotea. Uso wote umepinda kama wangu.

"Darasani hakukutosha," nilisema. "Umeona unifuate mpaka huku."

Aligeuka, kidole kingali kidevuni.

"Dada, nisikilize."

"Mimi si dada yako. Mimi ni mwalimu mwenzako."

"Basi, Mwalimu, nisikilize." Macho yake yalikuwa yamelowa tangu kabla sijafika. "Hawanielewi."

"Nani hawakuelewi? Watoto wanakung'ang'ania mpaka kwenye sketi."

"Wanang'ang'ania shavu. Wanalibonyeza, wanacheka, wanaondoka. Nikianza kipindi cha midomo wananitazama kama wanautazama ukuta. Nasema 'karibu,' kimya. Nasema 'maji,' kimya. Kisha wanakimbilia kwako ukawaambie nilisema nini."

Niliusukuma mlango ukafunguka wote.

"Wanakuja kwangu kufanya nini?"

"Kukuuliza. Hawakuulizi?"

Kishimo, Kishimo. Vidole mashavuni, mikono inaelekeza mlangoni. Na mimi: nimeelewa, kaeni chini.

"Jana," alisema, "nilichoka. Nikajaribu kusema kama unavyosema wewe, na taya huku. Wakanielewa. Mwalimu, walirukaruka. Basi nikawaandalia salamu ya kukupokea, nikidhani utafurahi. Mimi sikuwafundisha kupinda. Walikuwa wanapinda tangu zamani. Wewe hujaona kwa sababu huwa umeketi ubavuni mwao, unatazama midomo, hutazami taya."

"Hiyo si kweli."

"Twende."

Mapumziko yalipokwisha, tulikwenda. Sikumwamini, na nilitaka kulipima jambo hilo kwa utaratibu.

Nilimsimamisha mbele ya darasa, mikono nyuma, bila alama yoyote. Akasema kwa kinywa chake kilichonyooka: "Fungua dirisha."

Nusu duara nzima ikamtazama kwa upendo. Hakuna aliyeinuka.

Nikasema mimi: "Fungua dirisha."

Viti vitatu vikaburuzika kwa pamoja.

Kisha yeye akasukuma taya kushoto, akasema: "Funga dirisha."

Likafungwa.

Nilimwita Kalamu Sikioni. Nikamuuliza kwa mikono: unaposema, kwa nini unasogeza taya?

Alinishangaa, kama nimemuuliza kwa nini anatembea kwa miguu.

*Ndivyo watu wanavyosema,* alijibu.

Nikamwelekezea kidole mwalimu mgeni: na yeye je, alipokuambia ufungue dirisha?

Kalamu Sikioni alimtazama, akachoma kidole shavuni kwa huruma.

*Kishimo hakusema kitu. Alikuwa anatabasamu tu.*

Mwalimu mgeni alicheka huku akijifuta macho.

Nilikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yamenifika kifuani, na mambo mawili yakanijia kwa mpigo. La kwanza lilikuwa tamu, sitaficha: kile nilichokionea haya katika picha zote za maisha yangu, watoto hawa walikuwa wamekifanya ndiyo sura ya maneno. Kwao, kidole kinachoteleza chini ya kidevu hakikumaanisha aliyepinda. Kilimaanisha anayesema.

La pili lilikuwa chungu. Ipo siku watatoka katika lango lile. Huko nje watakutana na karani, muuguzi na dereva wenye vinywa vilivyonyooka, na watadhani wote wanawatabasamia.

Nilikuwa nimewapa mdomo mmoja tu. Na aliyekuja na wa pili, mimi nilikuwa nikimpima kidevu.

"Unajua," mwalimu mgeni aliniambia kwa sauti ya chini, "nakuonea wivu mpaka najichukia. Wewe ukifungua kinywa tu, wanatulia."

"Acha hizo."

"Kweli. Nimejipinda mpaka shingo inauma."

"Ukiendelea utafika kwa yule daktari wangu," nilimwambia. "Na nafasi anayo."

Hakuuelewa utani huo, nikamweleza yote. Akauliza kama kweli mdomo wa chini unaweza kubaki na ganzi. Nikasema unaweza. Tukautazama ubao sote wawili. Ubao ukichubuka unapakwa rangi upya. Mdomo wangu wa chini sina wa akiba.

Wapo watu ambao upasuaji huu huwarudishia kutafuna, kupumua, kulala bila maumivu. Hao wasisite kwa sababu yangu. Wapo pia wanaoutaka uso wao kwa ajili yao wenyewe, na hiyo ni haki yao. Mimi nilikuwa nautaka wa mwingine. Na mwingine huyo alikuwa mbele ya kioo, anajaribu kuwa mimi.

Hilo ndilo funzo nililolipata, na nililipata kwa aibu: mtu unayemwonea wivu, wasikilize kwanza wale wanaotoka mlangoni kwake.

Msidhani wivu umeisha. Mpaka leo akicheka nakitazama kile kishimo kwa jicho la kukopa. Lakini sasa nakitazama na kazi inaendelea.

Nilikwenda uani, nikampigia daktari, tukazungumza kwa ufupi. Nikampigia dada yangu, akasema, "Basi nirudishie kioo changu," akakata simu.

Kipindi cha mwisho nilirudi darasani. Waliokuwepo ni wale wale: wanafunzi wangu wote katika nusu duara, mkuu wa shule, fremu ile ile ya mlango, mwalimu mgeni karibu na ubao. Safari hii nilimvuta mkono, nikamsimamisha kando yangu, mabega yetu yakagusana kama tulivyo na watoto mbele ya kioo.

Nikasema kwa mdomo na kwa mikono, polepole, ili asikose hata mmoja:

"Kuanzia kesho, asubuhi mtafundishwa midomo na Kishimo. Hatakipinda tena kinywa chake, na ninyi hamtaacha kumtazama mpaka mseme alichosema. Mchana mtarudi kwangu. Kwa daktari siendi tena. Mimi nitakaa nilivyo."