Nilimfundisha binti yangu asimruke mtu

Admin, naomba ufiche jina langu. Nina miaka thelathini na minne, ni mjane, ninaishi Kimemi hapa Butembo kwa mama mkwe wangu. Tulikimbia vita kutoka upande wa Beni.

Binti yangu wa kwanza, nimwite Kavira, akiitwa hageuki, akiguswa analia. Majirani walisema amelogwa. Muuguzi mmoja ndiye aliyeniambia ni usonji, kwamba hata adabu ndogo lazima afundishwe polepole. Nikaanza na salamu, maana kwetu mtoto asiyesalimia hahesabiwi. Mwaka mzima, kila asubuhi, tulisimama kando ya njia. Macho ya watu yalimtisha, nikamwambia aangalie kidevu. Akimnyooshea baba yeyote mkono na kusema "Jambo papa," nampa karanga moja. Akimruka mtu, tunarudia. Siku aliyomsalimia jirani bila kusukumwa, yule mama alipiga vigelegele: "Mama Kavira, mutoto yako amekuwa mutu!" Nililia kwa furaha.

Lakini mtu wa kukimbiwa sikumfundisha.

Siku moja, tukiwa bado kule Beni, tulikuwa tunavuna kakao, mdogo wake yuko mgongoni mwangu. Risasi zikalia, watu wakatawanyika. Nilimshika Kavira, akachomoa mkono, kwa sababu wanaume wenye bunduki walikuwa wametokea, na yeye hamruki mtu. Mimi nilishaingia majanini. Nikamsikia: "Jambo papa." Mmoja akacheka, "Na huyu anatoka wapi?" Akamgeukia wa pili: "Jambo papa." Kwa wa tatu hakufika.

Kwenye matanga waliniambia nishukuru Mungu, nimebaki na mwingine.

Huyo mwingine sasa ana miaka sita, na yuko kama dada yake. Mama mkwe hanipi nafasi: "Mufundishe salamu! Batu ba quartier, majirani bote, banasema ni mulozi. Unangoja bamupige mawe?"

"Mama, hapana. Salamu ndiyo iliua mukubwa wake."

"Si salamu. Ni bale ba bunduki!"

Labda anasema kweli. Juzi watoto wa jirani walimrushia mwanangu udongo mlangoni, naye hakulia, alikaa tu akijipangusa.

Wazazi wenye watoto kama wangu, mtoto wa namna hii anafundishwaje nani wa kusalimia na nani wa kukimbia? Mimi mwenyewe nikikutana na mtu wa bunduki njiani, sijui ni wa kutulinda au wa kutuua. Nishaurini: nimfundishe, au nimfungie ndani?