Siku Niliyojieleza kwa Ukuta

Aibu hii mke wangu anaijua nusu, na mama yake anaijua yote ila hawezi kunitajia, basi acheni niisimulie mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, mashirika ya umma yanapunguza watu huku viwanda vya minofu ya sangara vikifunguliwa kando ya ziwa, nami (nilikuwa nimeshapunguzwa) nikapata kibarua cha kufundisha vijana, kwenye ukumbi wa kanisa pale Mirongo, namna ya kuzungumza na watu kazini: kujieleza, kusikiliza, kukubali kosa bila kuzungukazunguka. Wiki tatu nzima niliwaimbia wimbo mmoja, kwamba mwajiri hutazamwa usoni na jambo gumu husemwa mapema kabla halijazaa mengine. Siku ya mwisho afisa utumishi wa kiwanda kimoja angekuja kuwasaili. Nafasi zilikuwa sita na vijana wangu walikuwa sita, yaani ilibaki kujieleza tu. Nikawaambia nitaanza mimi kuonyesha, wao wanifuate hatua kwa hatua.

Afisa utumishi hakuja. Alikuwa safarini, akamtuma msimamizi wa akina mama wanaokata minofu, na aliyeshuka kwenye gari la kiwanda alikuwa mama mkwe wangu.

Sasa kwetu Usukumani mtu hasimami uso kwa uso na mama mkwe, ukimwona njiani unampisha unaingia porini, sembuse kumpa mkono mbele ya darasa. Ningeweza kusema tu, jamani, huyu ni mkwe wangu, aongoze mwingine. Lakini nikaona mwalimu mzima nitachekwa, nikaamua kujifanya narekebisha ubao (ule wa kusimama kwa miguu), nikabaki nyuma yake, na kutoka huko nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba akitazama dirishani, kisha nikakiendea kiti cha msailiwa kinyumenyume, nikakaa nimempa mgongo, nikaueleza ukuta elimu yangu na uzoefu wangu wote. Nilijieleza vizuri, kwa kweli. Halafu nikarudi nyuma ya ubao.

Wa kwanza kuniiga alikuwa Masalu, kijana wa Magu, mpole kuliko wote. Akaja kinyumenyume, akakaa, akauambia ukuta kwamba yuko tayari kufanya kazi zamu yoyote. Wa pili naye hivyo hivyo. Wa tatu alikikosa kiti akaanguka, akajikung'uta, akageukia ukuta. Nami kule nyuma jasho linanitoka, najua kila mmoja anapoteza kazi, na bado sentensi moja inanishinda.

Alipomaliza wa sita, mama akamwita Kabula, binti mmoja wa wale sita, aliyekuwa ameketi karibu naye.

"Mwambie mwalimu wenu nilikuja kuona watu sita, nimeona visogo sita."

Kabula akaniletea ujumbe ambao ukumbi mzima ulikuwa umeshausikia. Nikamtuma amwambie mama kwamba ni mbinu mpya (ndiyo, nilisema hivyo). Akaenda, akarudi: mama anauliza ni mbinu ya nani. Tulitumana hivyo mara tatu, na kati yetu hazikuzidi hatua nne, mpaka Kabula akachoka, akauliza kwa sauti kama tumegombana.

"Ni mkwe wangu," mama akasema. "Nilikuwa nangoja aseme mwenyewe."

Hakuna aliyecheka, na hilo liliniuma zaidi. Nikatoka nje kwa mlango wa nyuma, mama akawaambia waanze upya, safari hii wamtazame. Aliwasaili wanne, Kabula akiwemo, na wote wanne wakapata kazi. Wakati huo Masalu alikuwa bado anawapisha wenzake. Dereva akapiga honi, mama anatakiwa kiwandani zamu ya mchana, akaondoka. Masalu na yule aliyeanguka wakakosa.

Masalu ndiye aliyebaki kunisaidia kubeba ubao. Nikaanza kumwomba radhi, kwamba nimempotosha naye hakujua. Akanikatiza taratibu.

"Nilijua ni mkweo, mwalimu. Hata kwetu ni hivyo. Nilipoona umegeuka, nikasema usiaibike peke yako."

Tangu hapo nikiitwa kufundisha popote nauliza kwanza mgeni ni nani, na kama lipo la aibu nalisema kabla sijashika chaki. Kijana yule alikuwa tayari kuikosa kazi yake ili nisiaibike peke yangu, na mimi mwalimu wake sikuweza kuaibika dakika moja ili yeye aipate.