Nani Analinda Mlango

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye benchi la zahanati moja hapa Ifakara, nikisubiri kupimwa malaria. Kando yangu, pale pale barazani, alikuwa akihudumia mama daktari anayezunguka bonde hili la mpunga kuchunguza maradhi ya akili ya watoto. Baba na mama walimletea binti yao wa miaka minane. Tangu wao warudi kutoka shamba, binti halali usiku.

"Amechezewa na wachawi huyu," baba alifoka. "Mpe dawa ya usingizi twende zetu."

Binti hakumtazama mtu. Macho yalikuwa getini, na kila aliyeingia alimfanya akunje ngumi.

"Mlipohamia shambani Idete kulinda mpunga, nyumbani alibaki na nani?" daktari aliuliza.

"Na wadogo zake. Si ndivyo wanavyofanya wote?"

Daktari akamwinamia binti. "Mwanangu, kwa nini hulali?"

Mama mtu akajiziba mdomo kwa kanga. Binti akajibu, macho bado yako getini.

"Nikilala, mlango ataulinda nani?"

Baba akainamisha kichwa. Dawa hakuidai tena.

Mtaniambia ndiyo kawaida yetu. Sawa. Lakini bonde hili zima sijaona jaruba la mpunga ulioiva likiachwa usiku bila mtu mzima.