Mwenye Jogoo Kaja Kumdhamini Mwizi Wake

Leo mwizi wa kuku katolewa kituoni na mwenye kuku.

Sina hata nguvu ya kucheka, ngoja niwaambie.

Mtoto ana miaka kumi na nne, kakamatwa akiwa na jogoo wa watu hapa mtaani Shanwe. Mimi kama afisa ustawi wa jamii kazi yangu ilikuwa moja tu: nimpate ndugu wa kumdhamini, asilale mahabusu na watu wazima.

Baba yuko machimboni, hapatikani.

Mama kaolewa Majimoto, kanikatia simu.

Baba mdogo ndo kapokea: "Mwacheni huko huko anyooke."

Jamani, huko ndani huwa ananyooka nani?

Jioni nimejikalia kwenye benchi la kituo, nimechoka. Akaingia Mama Rehema, mwenye jogoo, na hotpoti mkononi. Nikajua kafuata jogoo wake.

"Huyu mtoto keshakula?"

Afande wa zamu akatikisa kichwa.

"Basi namdhamini mimi."

Afande akamtazama. "Mama, si wewe ndo mlalamikaji?"

"Ndo mimi. Na jogoo wangu namtaka. Ila huyu ni mtoto wa mtu, alale humo?"

Akasaini. Akaondoka na mtoto. Jogoo kabaki kituoni kama kielelezo cha kesi (na anawika hatari).

Mlangoni akanigeukia: "Dada, siku ya kesi nikae upande gani?"

Nimefika nyumbani, nimevua viatu, swali lake nimekuja nalo.

Nyie mngemwambiaje? Maana upande wa ndugu mpaka sasa hauna mtu.